Kiwanda Kimefungwa, Pampu Haizimwi: Ardhi ya Makaa ya Mawe Inavyofufuliwa Ruhr

Mtaa wa Hörde, jijini Dortmund, Ujerumani, una ziwa. Jioni za kiangazi watu hulizunguka kwa miguu na kwa baiskeli, vimashua vya tanga vinakwenda na kurudi, na kandokando zimejipanga nyumba nyeupe zenye madirisha mapana, nyumba za wenye nazo. Karibu na maji pamesimamishwa chombo kikubwa cha chuma chenye umbo la peasi, kimekula kutu. Mgeni hudhani ni sanamu. Kumbe ni chungu halisi cha kiwandani, cha kugeuzia chuma ghafi kuwa chuma imara (feleji).

Hadi mwaka 2001 mahali hapo palikuwa na kiwanda cha chuma cha Phoenix-Ost. Kilipofungwa, kampuni moja ya China ilikinunua. Mafundi wake wakaja Dortmund, wakakifungua kipande kwa kipande, wakakipakia melini, wakaenda kukisimamisha upya kwao. Pakabaki uwanja mtupu katikati ya mji. Mji ukauchimba, na tarehe 1 Oktoba 2010 maji yakaanza kuingizwa. Leo ziwa hilo, Phoenix See, lina hekta 24.

Picha mbili, ya kiwanda na ya ziwa, zikiwekwa pamoja zinapendeza sana, na ndiyo maana kila anayetaka kueleza jinsi eneo la viwanda lililokufa linavyofufuliwa huanza nazo. Mimi pia nimeanza nazo. Tatizo la picha ni kwamba zinaonyesha kilicho juu ya ardhi tu, na kilicho juu ndicho rahisi. Kubomoa jengo au kulipaka rangi ni kazi ya miezi. Kazi ya miaka iko chini: ardhi ni ya nani, imefukiwa nini, na maji yake yanataka kwenda wapi.

Kwanza tulijue eneo lenyewe. Ruhr si mto tu. Ni mkusanyiko wa miji iliyogusana, Duisburg, Oberhausen, Essen, Gelsenkirchen, Bochum, Dortmund na mingine, yenye watu kama milioni tano. Ukipita kwa treni hujui mmoja umeishia wapi na mwingine umeanzia wapi. Mwaka 1957 migodi ya makaa ya mawe ya Ujerumani Magharibi ilikuwa na wafanyakazi wapatao 600,000, wengi wao hapa. Mwaka uliofuata mambo yakageuka. Mafuta ya bei nafuu na makaa ya kutoka nje yakaanza kuyashinda makaa ya Ruhr, ambayo kuyapata ilibidi ushuke mita mia kadhaa, na baadaye hata elfu moja, chini ya ardhi. Migodi ikafungwa mmoja baada ya mwingine kwa muda wa miaka 60. Wa mwisho, Prosper-Haniel wa Bottrop, ulifungwa tarehe 21 Desemba 2018, wachimbaji wakamkabidhi Rais Frank-Walter Steinmeier bonge la mwisho la makaa.

Miaka 60 ni muda mrefu, na urefu huo ulikusudiwa. Serikali ilitoa ruzuku kubwa ili migodi ife polepole, wazee wastaafu mapema, vijana wahamishiwe kwingine. Uingereza, baada ya mgomo wa wachimbaji wa 1984 na 1985, ilikwenda kwa kasi, na vijiji vyake vya migodini vinajua vilikatwaje. Wako wanaosema Ujerumani ilipoteza fedha nyingi kumnyonyesha maiti. Labda. Lakini muda huo ndio uliowapa nafasi ya kujaribu, kukosea na kujaribu tena juu ya viwanja ninavyovieleza hapa.

Gofu ni la nani?

Kampuni za makaa na chuma zilikuwa zikimiliki sehemu kubwa ya ardhi ya Ruhr, pamoja na maeneo ya akiba ambayo hazikuwa zikiyatumia. Migodi ilipoanza kufungwa, mtu angetegemea ziuze. Hazikuuza. Mwekezaji mpya angekuja na mshahara mzuri na kuwachukua wafanyakazi wao, basi bora ardhi ilale. Wajerumani walikuwa na neno la hali hiyo, lenye maana ya kizuizi cha ardhi. Miji ilikuwa na njaa ya ajira huku ikizungukwa na viwanja vitupu visivyoguswa. Bochum ilibahatika: kampuni ya magari ya Opel ilipata eneo la mgodi wa Dannenbaum na kuanza kuunda magari hapo mwaka 1962. Hiyo ilikuwa nadra.

Fundo hilo halikufunguliwa hadi serikali ya jimbo la Nordrhein-Westfalen ilipoamua, kuanzia mwaka 1980, kuwa mnunuzi yenyewe. Iliunda mfuko wa ardhi. Mfuko ulinunua gofu, ukabomoa, ukasafisha udongo, ukapitisha barabara na mabomba, kisha ukauza viwanja. Ukiangalia hesabu yake kibiashara utacheka: mara nyingi gharama ya kusafisha ni kubwa kuliko bei ya kuuzia. Hasara hiyo ndiyo kazi yenyewe ya mfuko, kwa sababu hakuna mwingine aliye tayari kuibeba.

Hakuna aliye tayari kwa sababu sheria ya Ujerumani ya kulinda udongo, iliyoanza kutumika mwaka 1999, inaruhusu mamlaka kumdai aliyechafua, mrithi wake, au mwenye ardhi wa sasa. Kampuni iliyochafua huenda ilikufa zamani. Mwenye ardhi wa sasa yupo na anwani yake inajulikana. Ukinunua kiwanja cha namna hiyo umenunua na deni lililofukiwa humo, na hujui ni kiasi gani mpaka uanze kuchimba. Benki inalijua hilo kuliko wewe. Ndiyo maana uwanja mzuri, karibu na reli na barabara kuu, unaweza kukaa miaka 20 ukiota nyasi huku kiwanda kipya kikijengwa kwenye shamba la ngano kilomita kumi mbele.

Kilichofukiwa

Mgodi wenyewe, ajabu, si mchafu sana. Mchafu ni jirani yake, kiwanda cha koki. Hapo makaa ya mawe huokwa bila hewa kwenye joto la zaidi ya nyuzi 1,000 ili yabaki makaa safi ya kuyeyushia chuma. Kinachotoka humo ni gesi, lami, benzeni, amonia na mchanganyiko wa sumu nyingine, baadhi zinasababisha saratani. Zilikusanywa na kuuzwa, lakini bomba linavuja, tangi linatoboka, na kwa miongo mingi hakuna aliyehesabu tone. Kisha ongeza mabomu ya Vita vya Pili vya Dunia. Ruhr ilipigwa vibaya kuliko karibu eneo lolote la Ujerumani. Matangi yalipasuka na kumwaga vilivyomo, na mabomu ambayo hayakulipuka bado yanakutwa. Kabla ya kijiko cha tingatinga kuingia ardhini, mara nyingi wanatangulia wataalamu wa mabomu.

Dawa ni chache. Unaweza kuchimba udongo wote na kuupeleka dampo maalumu, jambo ambalo kwa kweli ni kuhamisha tatizo kwa lori. Unaweza kuuosha au kuuchoma, kwa gharama kubwa. Au unaweza kuufunika: karatasi nzito ya plastiki, tabaka la udongo mfinyanzi usiopitisha maji, halafu udongo safi juu, na visima vya kupimia pembeni ili ijulikane kama sumu inatembea. Sisi tungesema funika kombe mwanaharamu apite, na usemi huo hauko mbali na ukweli, isipokuwa hapa mwanaharamu hapiti. Visima lazima vipimwe mwaka hadi mwaka.

Wengi wasichokijua ni kwamba kiwango cha usafi hakiwi kimoja. Kinategemea pale patakuwa nini. Uwanja wa watoto unadai udongo safi kabisa, kwa sababu mtoto atautia mdomoni. Nyumba zenye bustani vivyo hivyo. Ghala linadai kidogo zaidi, na maegesho ya magari kidogo sana, maana lami yenyewe ni kifuniko. Ukilijua hilo, utaelewa kwa nini maeneo mengi ya migodi ya zamani yamekuwa maghala na maduka makubwa yaliyozungukwa na maegesho. Wapangaji hawakukosa ubunifu. Ghala ndilo lililoweza kulipia udongo ulivyo.

Huko Duisburg walitafuta njia nyingine. Kiwanda cha chuma cha Meiderich, cha kampuni ya Thyssen, kilizimwa mwaka 1985, na swali likawa lile lile: tubomoe? Msanifu wa mandhari Peter Latz alipendekeza kitu ambacho wakati ule kilionekana kama uvivu: acheni kilichopo kibaki mahali pake. Bustani ya Landschaftspark Duisburg-Nord, yenye hekta kama 180, ilifunguliwa mwaka 1994. Tanuru limesimama, na watu wanalipanda kwa ngazi mpaka juu. Kuta nene za mabohari ya mawe ya chuma, ambazo ingegharimu sana kuzivunja, wamekabidhiwa wakwea milima, wakazipigilia vishikio. Tangi la gesi lilijazwa maji, na sasa wapiga mbizi wanashuka humo mita 13 hivi, gizani, katikati ya jiji lililo mbali na bahari. Penye sumu kali pamefungwa. Penye sumu kidogo miti ya Ulaya yenye gome jeupe kama karatasi, iitwayo Birke kwa Kijerumani, ilishaota yenyewe bila kuombwa, ikaachwa.

Hapo kuna mchezo mwingine wa kuchekesha. Viwanja hivi vitupu, vyenye kokoto na madimbwi ya mvua, vinapendwa sana na chura mmoja mdogo mwenye mstari wa njano mgongoni. Chura huyo analindwa na sheria za Ulaya. Kwa hiyo baada ya miaka ya kusubiri, mfuko umenunua, benki imekubali, mabomu yameondolewa, na mkandarasi anafika na kukuta mpangaji. Kazi inasimama mpaka chura atafutiwe dimbwi lingine.

Maji yasiyosubiri

Sasa tufike kwenye fundo lenyewe, ambalo picha haiwezi kulionyesha.

Ukichimba makaa chini ya mji kwa miaka 150, unaacha uwazi. Ukimaliza tabaka moja, dari huachwa lianguke, na mporomoko huo hupanda taratibu hadi juu. Mitaa mizima ya Ruhr imeshuka, mahali pengine kwa zaidi ya mita 20, ambazo ni kama ghorofa sita au saba. Nyumba hazikuanguka kwa sababu zilishuka pamoja na ardhi, ingawa kuta zilipata nyufa na kampuni zikalipa fidia. Mto, hata hivyo, haushuki kwa adabu. Mto unafuata mteremko, na mteremko ukivurugika, maji yanatuama.

Mto Emscher ndio uliobeba mzigo huo. Viwanda na miji yote ilimwaga majitaka humo, na ardhi ilipokuwa ikizama yakawa yanasimama na kuleta maradhi. Mwaka 1899 miji, migodi na viwanda viliunda chama cha pamoja, Emschergenossenschaft, kushughulikia tatizo. Mtu angeuliza, kwa nini wasizike mabomba ya majitaka kama miji mingine? Jibu ni kwamba ardhi inayozama inavunja mabomba. Basi wakaugeuza mto wenyewe kuwa bomba lisilo na kifuniko: wakaunyoosha, wakausakafia zege, wakaweka uzio. Kwa karibu miaka 100 kinyesi cha mamilioni ya watu kilipita wazi katikati ya mitaa. Wenyeji walikuwa na jina la vijito vya namna hiyo, na tafsiri yake ya heshima kabisa ni kijito cha mavi.

Hapa utaona kwa nini ufufuaji wa eneo la makaa hauwezi kuharakishwa na fedha peke yake. Mabomba hayangeweza kuzikwa mpaka uchimbaji uhame na ardhi itulie. Kazi ilianza mwaka 1992. Ilimaliza takriban miaka 30 na zaidi ya euro bilioni 5. Walijenga mfereji mkuu wa chini kwa chini wenye urefu wa kilomita 51, kutoka Dortmund hadi Dinslaken, mahali pengine ukiwa mita 40 chini. Mwisho wa mwaka 2021 majitaka yalikoma kuingia mtoni. Na ziwa la Hörde? Emscher ulikuwa umepitishwa ndani ya bomba chini ya kiwanda cha Phoenix. Ulifukuliwa, na sasa unapita wazi kando ya ziwa, umetengwa nalo kwa tuta.

Lakini ardhi iliyoshuka haipandi tena. Karibu asilimia 40 ya bonde la Emscher ni kama bakuli: mvua ikinyesha, maji hayana pa kutokea. Pampu zaidi ya mia zinayanyanyua usiku na mchana. Chini zaidi kuna pampu nyingine, za maji ya mgodini, yenye chumvi na madini, ambayo yakiachwa yapande bila mpaka yanaweza kufikia maji ya kunywa. Hayo yanaruhusiwa kupanda hadi kina fulani tu, kisha yanavutwa. Hadi lini? Neno rasmi la Kijerumani linajibu vizuri: kazi hizi zinaitwa kazi za milele. Mwaka 2007 iliundwa taasisi ya RAG-Stiftung, ikapewa mali, hasa hisa za kampuni ya kemikali ya Evonik, na tangu 2019 gawio na faida za mali hiyo ndizo zinazolipa pampu. Bili ni zaidi ya euro milioni 200 kila mwaka. Mchuma janga hula na wa kwao, ila hawa wa kwao wengi bado hawajazaliwa.

Huwa najiuliza kama mtu aliyenunua nyumba pale ziwani huwaza, mvua inapogonga madirisha, kwamba mkoa wake unaelea juu ya gawio la hisa.

Kazi zimekwenda wapi?

Mgodi wa Zollverein, mjini Essen, hujibu swali hili kwa namna mbili. Shimo lake la XII, lililofunguliwa mwaka 1932 kwa michoro ya Fritz Schupp na Martin Kremmer, lilikuwa na uwezo wa kutoa tani 12,000 kwa siku, na watu waliliita mgodi mzuri kuliko yote duniani. Ulipofungwa Desemba 1986 wengi walitaka uvunjwe. Mtu aliyeharibu mapafu humo haoni uzuri wowote. Jimbo likaununua na kuulinda. Mwaka 2001 UNESCO ikauingiza katika Urithi wa Dunia, na mwaka 2010 jumba la makumbusho la Ruhr likafunguliwa ndani ya jengo la kuoshea makaa. Wageni wanaingia kwa ngazi za umeme zenye mwanga wa rangi ya chungwa, kama chuma kinachoyeyuka.

Ni kazi nzuri, na karibu kila mtaalamu wa majengo ya kale ameisifu. Lakini palipokuwa na maelfu ya wachimbaji, makumbusho huajiri wachache, na si watu wale wale. Mtoto wa mchimbaji si lazima awe mtaalamu wa maonyesho. Gelsenkirchen, jirani wa Essen, ilikuwa na watu karibu 390,000 mwishoni mwa miaka ya 1950. Sasa ina kama 260,000, na kila takwimu za ukosefu wa ajira Ujerumani zikitoka, jina lake huwa karibu na kilele. Ina bustani nzuri ya Nordstern juu ya mgodi wa zamani. Bustani haikuwarudishia watu mshahara. Oberhausen ilijenga kituo kikubwa cha maduka, CentrO, mwaka 1996 juu ya eneo la kiwanda cha chuma, na wateja wakamiminika, wengine wakitokea mtaa wa zamani wa biashara wa mji huo huo, ambao ukaanza kupauka.

Mradi uliofikiri zaidi kuhusu jambo hili ni IBA Emscher Park (IBA ni kifupi cha maonyesho ya kimataifa ya ujenzi), ulioendeshwa na jimbo kuanzia 1989 hadi 1999 chini ya Karl Ganser. Haukuwa na mamlaka ya kuamuru mtu wala mfuko wake wa kujengea. Ulichagua miradi kama 120 yenye ubora na kuisukuma mbele kwenye foleni ya fedha za serikali zilizokuwepo. Ganser alikubali wazi kitu ambacho wanasiasa huogopa kukitamka: kwamba eneo hili halitakua tena kama zamani, basi libadilike bila kukua. Miti, njia za baiskeli juu ya reli za zamani, mito, nyumba bora, vyuo. Ruhr ilikuwa na njaa ya vyuo. Chuo Kikuu cha Ruhr mjini Bochum kilifunguliwa mwaka 1965 tu, na leo vyuo vinafanya kazi ambayo hakuna tanuru lililosimamishwa kama mnara lingeweza kuifanya.

Na Bochum ndiyo inayofaa kutazamwa mwishoni, kwa sababu kiwanja chake kimezikwa na kufufuliwa mara mbili. Opel, ile iliyokuja juu ya mgodi wa Dannenbaum mwaka 1962, ilifunga lango Desemba 2014. Eneo la hekta 70 hivi likarudi kuwa gofu. Safari hii mji haukusubiri miaka 20. Kampuni ya pamoja ya mji na Opel ilianza kubomoa mara moja, ikajaza saruji kwenye uwazi wa mgodi wa kale uliokuwa bado chini, ikaacha jengo moja la ofisi limesimama. Eneo likaitwa Mark 51°7. Sehemu yake kubwa ilichukuliwa na kituo cha DHL cha kuchambua vifurushi, ghala tena, kama udongo ulivyopenda. Lakini pembeni yake zimekuja maabara za chuo kikuu na ofisi za wataalamu wa usalama wa kompyuta.

Majengo hayo mapya yanahitaji joto wakati wa baridi. Wahandisi wakatoboa visima hadi kwenye njia za mgodi wa Dannenbaum, zilizojaa maji tangu ulipoachwa. Maji yale ni ya vuguvugu, yamepashwa na kina cha ardhi. Yanapandishwa juu, yanatoa joto lake, kisha yanarudishwa chini.